Arobaini Ikisha, Wazazi Hubaki na Nani?

Wahenga wetu walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii sisi watu wa Pwani twaijua tangu utotoni, na kila penye uzazi hapakosi bibi kizee wa kuitamka. Lakini naona tumeizoea mno hata hatuisikii tena. Twaisema huku tukimtazama mama peke yake, kana kwamba mwana hana baba. Tena twaisema siku mtoto azaliwapo, kisha tukishakula akika na kuihesabu arobaini, twarudi majumbani mwetu na kuwaacha wale vijana wawili wajifunze wenyewe.

Mimi nilikumbushwa maana ya methali hiyo mbali sana na bahari, katika kituo kidogo cha biashara kiitwacho Gakindu, huko Mukurwe-ini, kusini ya mji wa Nyeri. Ni nchi ya vilima na mabonde, mashamba ya kahawa na ng'ombe wa maziwa, na baridi ya mwezi wa Julai ambayo mtu wa Mombasa haiwezi bila ya blanketi mbili. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ni mwalimu upande huo. Alioa binti wa Mji wa Kale, akaenda naye, na mwaka wa pili Mungu akawajaalia mtoto wa kike.

Mtoto alipotimiza wiki saba nikapigiwa simu usiku. Sauti ya kijana ilikuwa imekauka.

"Shikamoo mjomba. Nataka kumrudisha mke wangu kwao. Nyumba imenishinda."

Nilimuuliza kosa la mkewe. Akasema hapiki, hasemi, akisemeshwa hulia, na mtoto akilia yeye hulia zaidi. Akaongeza kuwa kuna jamaa aliyemwambia kwa simu kwamba huenda bibiye ana shetani. Nikamwambia asifanye neno lolote mpaka nifike. Siku ya pili yake nikashika basi.

Ndugu msomaji, sikwenda Gakindu kufanya utafiti wa chuo kikuu. Nilikwenda kama mjomba, kusuluhisha. Lakini niliyoyakuta yamenifanya niulize maswali ambayo nadhani yatupasa sote kuyauliza.

Kwanza niliketi na binti, na mumewe nikamtuma sokoni. Binti hakuwa na kisa kikubwa. Mama yake alikuja toka Mombasa akakaa naye siku kumi na mbili, akamkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkaja, akampikia uji wa pilipili manga. Kisha ikaja habari kwamba baba mtu ni mgonjwa, ikabidi mama arudi. Arobaini ikakatika katikati. Akabaki peke yake na mtoto aliyekuwa akinyonya kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, katika nyumba ambayo nguo hazikauki kwa sababu ya ukungu. Akaniambia, "Mjomba, mimi sijui nimelala lini."

Jioni nikatoka na kijana, tukatembea mpaka kituoni. Naye hakuwa mtu mbaya. Kazini alipewa likizo ya wiki mbili, kama ilivyo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo humpa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, wote kwa mshahara kamili. Lakini wiki zile mbili mama mkwe alikuwa ndani, na kijana kwa heshima na haya akawa anashinda nje. Mama mkwe alipoondoka, likizo nayo ikawa imekwisha. Akawa aenda shuleni alfajiri, akirudi akuta mke analia, hajui aseme nini; basi akawa anachelewa makusudi kwa wenzake. "Hakuna aliyeniambia la kufanya," akasema. Nilinyamaza, kwa maana miongoni mwa wasiomwambia ni mimi mjomba wake, niliyesimama katika nikaha yake na kumpa wosia mrefu juu ya subira, nisitaje hata neno moja juu ya kuamka usiku.

Na hapa sina budi kukiri la kwangu. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, nilimuadhinia sikioni, nikanunua mbuzi wa akika, kisha nikatoka barazani kupokea pongezi. Ndani kulikuwa na mama yangu, mashangazi, mkunga na jirani. Nilidhani uzazi wendeka wenyewe. Kumbe haukuwa ukienda wenyewe. Wanawake saba walikuwa wakiubeba. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo Gakindu ilinifundisha. Desturi zetu za uzazi ni nzuri, lakini zilijengwa juu ya nyumba iliyojaa watu. Siku hizi vijana wetu wapangiwa kazi Nyeri, Kisumu, Garissa na hata Muscat. Na hata aliyebaki nyumbani, jamaa zake si wengi kama zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane; uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa 3.4. Wengi wetu twaliona hilo kuwa nafuu, na ni nafuu kweli kwa afya ya mama. Lakini watoto wakipungua, hupungua pia dada, kaka, shangazi na binamu wa kushika mtoto. Mama wa leo ana watoto wachache na wasaidizi wachache zaidi.

Wenyeji wa Gakindu nao wana mila zao za jambo hili, na zafanana na zetu kuliko tunavyodhani. Mzazi akijifungua, wanawake humwendea pamoja na zawadi, chakula na kuni. Desturi hiyo waiita itega. Humpikia njahi, ambazo Wakikuyu waziamini kuwa humrudishia mzazi nguvu na maziwa. Mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake. Jirani za mpwa wangu waliposikia kwamba mtoto ameitwa jina la marehemu dada yangu, walifurahi sana, wakasema hawa watu wa Pwani kumbe ni kama sisi. Wakamletea binti njahi na kuni. Yeye kwa upweke wake na kwa kutojua lugha yao alifunga mlango baada ya siku mbili tatu, na wao wakadhani hataki wageni.

Lakini hao nao mambo yamewageuka. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1973 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Beatrice Whiting, pamoja na wenziwe walikaa kijiji cha Ngecha, katika Kiambu, wakitazama jinsi mama wa Kikuyu wanavyolea. Waliona baba wengi wakifanya kazi Nairobi, na wale watoto wakubwa ambao zamani ndio waliokuwa wakibeba wadogo zao wakiingia shule. Shule ni jambo jema, hakuna anayelipinga. Lakini mzigo uliokuwa ukishikwa na mikono mingi ukamwangukia mama peke yake. Gakindu ya leo yafanana na hayo. Vijana wanaume niliozungumza nao pale kituoni, mmoja dereva wa pikipiki, mwingine ana kibanda cha chai, waliniambia wenzao wengi wako Nairobi na wake zao wako nyumbani kwa wazee. Pesa hufika kwa simu, lakini mkono wa kumpakata mtoto haufiki kwa simu. Na aliyebaki nyumbani akionekana anaanika nepi, hucheka kijiji kizima.

Mtu asije akasema kwamba shida hii ni ya watoto waliozaa kabla ya wakati wao. Uchunguzi ule ule wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima wasichana 15 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba, lakini Nyeri walikuwa 5 tu, miongoni mwa hesabu ndogo kabisa nchini. Wazazi wapya wa huko wengi ni watu wazima, wengi wamesoma. Mpwa wangu ana shahada. Shahada haikumfundisha.

Wataalamu wa nje wamelichungua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1957 Mmarekani E. E. LeMasters alitoa habari za mume na mke 46 aliowahoji juu ya kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza, na 38 kati yao walisema kwamba jambo hilo liliitikisa nyumba yao vikubwa. Nao walikuwa watu wanaopendana, waliomtaka mtoto. Mwaka 1968 bibi mwingine, Alice Rossi, akasema kuliita balaa ni kosa. Ni kivuko, mtu avuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Lakini ni kivuko kigumu, kwa maana kazi nyingine mtu hufunzwa kidogo kidogo, na hii huja yote kwa siku moja. Na kazi nyingine mtu aweza kuiacha, lakini uzazi hauna kujiuzulu. Sisi tunaopanda feri ya Likoni twajua: hatari haiko ng'ambo hii wala ng'ambo ile, iko pale katikati ya mkondo.

Baadaye mume na mke wa Chuo Kikuu cha California, Philip Cowan na Carolyn Pape Cowan, waliwafuata wanandoa karibu 100 kwa miaka kadhaa, na mwaka 1992 wakatoa kitabu. Waliona kwamba kisa kikubwa cha ugomvi ni nani afanye nini ndani ya nyumba, kwa maana mtoto akizaliwa mume hufanya kazi kidogo kuliko vile wote wawili walivyotarajia. Tena waliona jambo la kutia moyo: wale waliokutana kwa vikundi vidogo kila wiki, miezi mitatu kabla ya uzazi na miezi mitatu baadaye, wakazungumza waziwazi mbele ya watu wenye ujuzi, ndoa zao zilistahimili vizuri zaidi. Hawakupewa dawa wala fedha. Walipewa mahali pa kusema.

Sasa nirudi kwa yule binti na lile neno la shetani. Siku ya tatu tulimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alimtazama binti usoni akamweka kando, akamwuliza maswali kumi juu ya hali ya moyo wake katika siku saba zilizopita: je, aweza kucheka, je, hujilaumu bila sababu, je, ana hofu, na mengine kama hayo. Majibu hupewa alama, na alama zikizidi, muuguzi hujua kwamba mzazi huyu ahitaji kutazamwa zaidi.

Nilipoyauliza asili yake maswali hayo nilistaajabu. Yalitolewa mwaka 1987 huko Edinburgh, Uskoti, na daktari John Cox pamoja na wenziwe. Na Cox huyo, kabla ya hapo, alikuwa Uganda katika miaka ya 1970, akiwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua. Huko aliwakuta Waganda wana jina la ugonjwa wa akili umpatao mzazi, waliuita amakiro, na wakiamini kwamba huletwa na uzinifu wa mume au mke wakati wa mimba. Yaani majirani zetu waliyajua maradhi haya zamani. Lililokosewa ni chanzo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi kama zetu karibu mama mmoja katika kila watano hupatwa na maradhi ya moyo na akili baada ya kujifungua. Basi tukimwona mmoja analia, tusiharakishe kumtafutia jini. Dua haikatazwi, na kisomo ni baraka. Lakini dua haijamzuia mtu kwenda kwa mganga wa hospitali, wala haimzuii mume kumshika mtoto ili mkewe alale saa nne mfululizo.

Nao wazee wetu hawakulisahau jambo hili kabisa. Tazama ada za harusi. Mbali na mahari ya bibi arusi mwenyewe, palikuwa na kilemba cha baba mkwe, na mkaja na ubeleko wa mama mkwe. Mkaja ndiyo ile nguo afungwayo mzazi tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto. Siku ile ile ya furaha, kijana alikumbushwa kwamba huyu anayempokea alizaliwa kwa uchungu na kubebwa mgongoni. Siku hizi twahesabu fedha tu. Kijana hulipa mkaja, naye hajui mkaja hufungwa vipi.

Na dini yetu, je? Kila asomaye Suratul Baqara ajua kwamba aya ya 233 yataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na yamkalifisha baba chakula na mavazi ya mama. Lakini wangapi twaisoma mpaka mwisho, pale inaposema juu ya kumwachisha mtoto ziwa kwa ridhaa na mashauriano ya wote wawili? Neno ni mashauriano. Na mashauriano hayawi kwa mtu aliyeko barazani. Imepokewa pia kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka. Kama yeye hakuona aibu, sisi twaona aibu ya nani? Na katika fikihi ya Shafi tunayoifuata, nifasi aghalabu ni siku arobaini na upeo wake sitini. Hiyo ni hukumu ya damu na ibada. Haikusemwa popote kwamba siku ya arobaini na moja mzazi huwa hana haja na mtu.

Kwa hiyo nina rai nne. Kwanza, masomo wetu humfunda bibi arusi. Basi na bwana arusi apate wa kumfunda, awe sheikh aliyemwozesha au mjomba wake, na katika wosia wake asiache kuutaja mwaka wa kwanza wa mtoto. Pili, katika kliniki zetu za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, mume akaribishwe ndani pamoja na mkewe, na yale maswali kumi yaulizwe bila ya kungoja mtu aonekane amevunjika. Tatu, familia zipange zamu baada ya arobaini: leo shangazi, kesho wifi, kesho kutwa jirani. Na kijana aliye mbali na kwao, aambiwe na mapema kwamba jirani asiye wa kabila lake naye ni jirani, amfungulie mlango.

Nne, tuwe na utafiti wetu wenyewe. Twajua Wakenya wanazaa wangapi, na twajua kwamba mwaka 2022 uzazi 89 katika kila 100 ulisimamiwa na mtu mwenye ujuzi. Hesabu hizo ni za kushukuriwa. Lakini hazituambii nyumba imekaaje mtoto akishafika. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na kile cha Ufundi kiko Mombasa. Waende vijana wao Likoni, Mji wa Kale, Faza na Vanga, na wapande mpaka huko Gakindu kulinganisha. Wamwulize mke peke yake, wamwulize mume peke yake, kisha wawaulize pamoja. Kabla ya mtoto na baada ya mwaka. Nina hakika watakuta kwamba wengi wa wanaofika mbele ya Kadhi kwa ugomvi usio na kichwa wala miguu, mwanzo wake ulikuwa usiku mmoja ambao mtoto alilia na mmoja wao hakuamka.

Mpwa wangu hakumrudisha mkewe. Kwa wiki mbili nilizokaa pale, alikuwa akirudi shuleni moja kwa moja, akampokea mtoto, na binti akalala. Yule muuguzi aliendelea kumwona, na kwa miezi kadhaa haikuwa rahisi. Jirani mmoja, mama wa Kikuyu, akaanza tena kuja na njahi zake, na safari hii mlango ulifunguliwa. Asubuhi niliyoondoka, kijana alinisindikiza mpaka kwenye gari na mtoto amemfunga kifuani kwa leso ya mkewe. Vijana wa kituoni wakamtazama, wengine wakacheka.

Nikamwambia, "Wacha wacheke, mwanangu."

"Wameshanicheka wiki nzima, mjomba," akajibu. "Jana mmoja wao alinijia kwa siri, akaniuliza hufungwa vipi."